Kreni ya Mkono wa Kushoto

Baba yangu alikuwa mwendesha kreni hadi siku lori lilipopinduka naye kwenye njia ya Mokambo, akabaki na mkono mmoja, wa kushoto. Tangu hapo alikula peke yake. Sisi ni Waislamu wa asili ya Maniema. Nyumbani kwetu, mtaani Kamalondo, bukari, yaani ugali, ilipakuliwa kwenye sinia moja, na hakuna aliyetia mkono wa kushoto humo. Mama alimwambia mwenye udhuru halaumiwi. Baba alichukua sahani yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na niliuchukia ule mlango.

Wakati huo Wazungu wengi walikuwa wakifungasha kurudi kwao. Mhandisi mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba alipita kuaga, akamwachia boksi: roketi ndogo ya kuunganisha. Ndani mlikuwa na bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, mwavuli wa plastiki wa kuishusha polepole, na injini moja tu ya baruti, nene kama kidole gumba. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Baba aliyatazama kidogo, akayatandika mezani yasaidie kukinga gundi.

Roketi yenyewe haikumpendeza. Ilikuwa tupu, haina hata mahali pa mtu kukaa. Alitaka chombo cha watu wa miaka ijayo, wanaokwenda kuchimba shaba kwenye nyota. Basi tukaigeuza. Tulikata madirisha, kopo la sadini likawa mabawa, vifuniko vya dawa ya meno vikawa mitungi ya hewa. Mimi nilishika, yeye akapaka gundi. Alikuwa mkali kama msimamizi wa zamu, nami sikuwa mpole, kwa hiyo tulielewana.

Kisha akataka kreni.

"Papa, hakuna roketi yenye grue," nilimwambia.

"Kama bantu banafika kule juu, shaba batainyanyua na nini? Na meno?"

Aliikunja mwenyewe kwa waya mnene wa shaba, ameubana kati ya magoti, akaitia na ndoano. Ilipendeza, lazima nikiri. Akaibandika upande wa kushoto. Nilipomwambia chombo kitalemea upande huo, alinijibu, "Shika tu, mama."

Nilidhani kazi ile ingemrudisha kwenye sinia letu. Wapi! Kila jioni, chakula kikiiva, alinawa gundi, akachukua sahani yake, na mlango ukafungwa.

Jumapili moja tulikwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya mtaa wa Ruashi. Mama alibeba bukari na samaki ndani ya beseni moja. Niliona hakuleta sahani ya pembeni.

Nilishika betri za redio, baba akagusisha waya. Chombo kiliruka, kikafika juu ya miti, kikainama kushoto, kikazunguka mara moja, kikajichomeka majanini kabla mwavuli haujafunguka. Nilikwenda kukiokota nikijiandaa kwa hasira zake. Bawa moja lilikuwa limeng'oka. Kreni ilikuwa nzima.

Baba alikigeuzageuza mapajani, halafu akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu ajali.

"Ona," akamwambia mama, "iko naenda kushoto sawa mwenye kuitengeneza."

Mama alifunua beseni, akaliweka kati yetu. Pale hapakuwa na chumba wala mlango, ni majani tu na jua. Baba alitazama beseni, akatutazama sisi, kisha akaunyosha mkono. Nilimmiminia maji. Alisema bismillahi, akamega. Mama aligeuza beseni kidogo, kichwa cha samaki kikaelekea upande wa baba.

Kwenye tonge la tatu akanigombeza kwamba nakula haraka, nitawamalizia samaki. Nilifurahi mno, nikamega tonge jingine.