Rehobothi ya Ndalahwa

Mume wangu Ndalahwa ni mchimba visima, na ni mpole kupita kiasi. Upole wake umenizeesha. Watu wa hapa Buswelu huniambia, "Justa, una bahati ya mume." Hawajui tulikotoka.

Kisima chetu cha kwanza alikichimba Igoma, kwenye kiwanja alichoonyeshwa na marehemu baba yake kwa kidole: hapa kwenye minyaa ndio mpaka, huku kwako, kule kwa kaka yako Chenge. Karatasi hakuna, shahidi hakuna. Kwetu mzee akishasema, nani atatafuta karatasi? Alipofika kwenye mwamba akawa anakoka moto juu yake, kisha anaumwagia maji baridi upasuke, ndipo anagonga kwa tindo. Miezi miwili. Maji yakatoka matamu. Wiki hiyohiyo Chenge aling'oa minyaa, akaipanda upande wetu wa kisima, akasema mpaka ndio ule.

Mimi nilitaka twende baraza la kata. Ndalahwa akafunga mizigo. Cha pili tukachimba Usagara, kwenye eneo tuliloahidiwa. Mwenye eneo akasubiri maji yaonekane, ndipo akabadili maneno. Tukahama tena, binti yetu Evelina mgongoni.

Kiwanja cha Buswelu nilisimamia mwenyewe, karatasi zote ninazo. Kisima kilipokamilika, saruji ikiwa bado mbichi, Ndalahwa alichukua msumari akaandika pale mdomoni: REHOBOTHI. Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ni Kiebrania, maana yake nafasi, mahali pa wazi panapowatosha watu. Isaka mwana wa Ibrahimu alichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania, akakiita Eseki, yaani ugomvi. Akachimba kingine, wakakigombania pia, akakiita Sitna, uadui. Akasogea mbele akachimba cha tatu, na hapo hakuna aliyemfuata kugombana. Hicho ndicho Rehobothi. Nilicheka, halafu nikalia. Huyo Isaka naye alikuwa na mke, mbona hawakuandika alivyochoka?

Nikanunua kufuli la mfuniko. Jirani yeyote achote, nilisema, ila Chenge na watu wa nyumbani kwake wasiguse. Ndalahwa hakubisha.

Kiangazi cha mwaka jana kilikuwa kikali. Jumamosi moja asubuhi nikamwona Chenge getini, madumu manne kwenye baiskeli. Kile kisima cha Igoma kilikuwa kimekauka, bomba la mtaani siku ya tano halitoi, na mkewe yuko kitandani mgonjwa.

"Shikamoo kaka," Ndalahwa akamwambia, kana kwamba waliachana jana.

Mimi ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kitenge changu. "Shemeji," nikasema, "kwetu umefuata nini? Si ulitufukuza?"

Chenge akaanza kufungua madumu kwenye baiskeli. Radhi hakuomba.

Ndalahwa akanivuta pembeni. Nikajua sasa nahubiriwa. "Mama Evelina," akasema, "habari ya Isaka haiishii pale. Waliomfukuza walikuja kumtafuta baadaye, naye akawauliza hilohilo ulilouliza wewe. Kisha akawaandalia chakula, wakala."

"Mbona hiyo hukuniambia?"

"Sikutaka uijue. Ungeijua ungelegea ukamfungulia Chenge, na mimi nilikuwa sijawa tayari."

Nikamtazama. Macho yalikuwa mekundu. Miaka yote nilidhani mwenye uchungu ni mimi peke yangu, kumbe mwenzangu alikuwa na wake, na mimi kila siku namlaumu kwamba hana hasira. Nilijisikia vibaya sana.

Nikafungua. Ndalahwa akavuta kamba, Chenge akamimina, mpaka dumu la nne likajaa. Sijamsamehe Chenge, na nilimwambia hivyo mbele ya mume wangu. Kisha nikasonga ugali, tukala naye, na wa mgonjwa nikamfungia aende nao.