Mtu Aliyerekebisha Safari Yetu ya Nyanza

Kabla sijaanza, ujue kwamba nilikuwa nakunywa maziwa. Nasema hivi kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki huuliza kwanza nilikuwa nimekunywa nini. Maziwa ya moto, kikombe kimoja, saa kumi alasiri, katika duka la maziwa karibu na nyumbani kwangu, Kagugu, jijini Kigali. Kazi yangu ni kupima ardhi. Nashinda na mipaka na ramani, na mpaka siku ile habari za mizimu zilikuwa za kunichekesha. Sicheki tena. Haya yalinipata mimi, na Mama yangu, ambaye yu hai, ni shahidi.

Mama alizaliwa Nyanza, mji wa wafalme wa zamani, ule wenye jumba la mfalme na ile nyumba kubwa ya nyasi ambayo wageni huenda kuipiga picha. Alikimbizwa huko akiwa na miaka mitano. Familia ikavuka mpaka, ikaishia Karagwe, Tanzania, na huko ndiko nilikozaliwa, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki. Tuliporudi Rwanda nilikuwa kijana, tukakaa Kigali. Nyanza ni mwendo wa saa mbili hivi kwa basi, lakini miaka yote hiyo Mama hakukanyaga. Ukimtajia, alikuwa anainuka na kuanza kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Tulijua tu kwamba kaka yake alibaki nyuma siku ya kukimbia na habari zake hazikupatikana. Zaidi ya hapo hakusema. Na wewe ungemwuliza?

Mwaka jana macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari alituambia tusitegemee sana kwamba yatarudi kama zamani. Nikamwomba twende Nyanza, aone kwao angali anaona. Siku mbili alishinda akipanga vyombo. Siku ya tatu, alipotoka kanisani, akasema atakwenda, ila kwa sharti: twende kama wageni wengine. Tuone jumba la mfalme, makaburi ya wafalme, makumbusho ya sanaa kule kilimani, tulale usiku mmoja, turudi. Kwenye kilima chao nisimpeleke.

Basi Alhamisi ile nilikuwa dukani na daftari langu, napanga safari. Niliandika basi la Jumamosi asubuhi kutoka kituo cha Nyabugogo, nyumba ya wageni isiyo na ngazi nyingi kwa ajili ya magoti ya Mama, mahali pa kupumzika kila baada ya kutembea kidogo. Mvua ikashuka, ile inayopiga mabati mpaka husikii mtu. Nikaona mwanamume ameketi mbele yangu.

Hakuniuliza kama pana mtu. Alikuwa wa umri wangu, pengine mdogo kwangu kidogo, amevaa koti jeusi zito la mtindo wa zamani. Kifungo cha pili kutoka juu hakikufanana na vingine, kilikuwa cha pembe ya ng'ombe. Niliona pia kwamba koti lilikuwa kavu. Niliona, nikapita. Mtu akiwa na mambo yake kichwani, huona vingi asivyovifikiria.

Msichana wa dukani akamletea maziwa. Yule mtu hakuyagusa. Aligeuza kichwa akasoma daftari langu kinyumenyume, kisha akasema kwa Kinyarwanda, kile cha zamani ambacho Mama husema na wazee wenzake, kwamba nimesahau mahali pamoja.

Nikamwambia kwa upole kwamba safari ni ya mama yangu, na yeye ndiye aliyechagua. Akatikisa kichwa kama unavyomtikisia mtoto.

"Mwanangu," akasema, "mkitoka jumba la mfalme msirudi mlikotoka. Shukeni kushoto mpaka kijito, mvuke. Kuna umuvumu uliokatwa tawi moja, na nyumba yenye mlango wa bluu. Mwulizeni Vestine."

Nilitaka kucheka. Mtu wa rika langu ananiita mwanangu? Lakini niamini, kicheko hakikutoka. Umuvumu ni ule mtini mkubwa ambao watu wa zamani waliupanda kwenye viwanja vyao, na mimi kwa mazoea ya kazi nikaandika: kushoto, kijito, umuvumu, mlango wa bluu, Vestine. Nilipomaliza akaweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Na mwambie Gato ndama alipatikana. Mwambie hakuna kosa alilofanya."

Akainuka, akatoka kwenye mvua bila haraka.

Gato ni nani? Sikumjua Gato yeyote. Nikabaki nimelikodolea macho daftari, mpaka msichana wa dukani alipokuja kuchukua vikombe. Anapenda kuzungumza Kiswahili nami, kile cha Kigali.

"Ndugu yako iko wapi?" akaniuliza. "Hajakunywa hata kidogo."

Nikamjibu kwamba yule si ndugu yangu, simjui.

"Lakini sura iko moja," akasema. Akashika kikombe, akakiachia haraka. "Hii maziwa nimetoa kwa moto sasa hivi. Mbona iko baridi?"

Nikagusa. Yangu yalikuwa bado yanatoa mvuke. Yale yalikuwa yamepoa kabisa, na juu yameganda utando mzito kama yaliyolala usiku kucha. Nikatoka mbio barabarani. Barabara ile imenyooka, haina kona wala kichochoro kwa mwendo mrefu. Hapakuwa na mtu.

Nyumbani sikutaka kumtisha Mama. Nilimsubiri amalize kula, nikamwuliza kama aliwahi kumjua mtu anayeitwa Gato. Alikuwa amesimama. Alikaa chini, sakafuni, mwanamke wa miaka sabini mwenye magoti mabovu.

Gato, yaani mdogo, lilikuwa jina lake la utotoni. Kaka yake ndiye aliyempa, na tangu walipoachana hakuna aliyemwita hivyo tena. Baba yangu alikufa bila kulijua.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alinisimulia. Siku ya kukimbia, yeye ndiye aliyeacha zizi la ndama wazi. Ndama akatoroka. Kaka yake, mvulana wa miaka kumi na mmoja, akaenda kumtafuta. Watu wakaja kuchoma nyumba upande wa chini wa kilima, na wazazi hawakuweza kumngoja. Mama alibebwa mgongoni akiangalia nyuma. Kwa maisha yake yote aliamini kwamba yeye, kwa kuacha lango wazi, ndiye aliyemwua kaka yake. Hakumwambia mama yake, wala padri, wala mumewe.

Nikamsimulia habari za yule mtu wa dukani na njia aliyonielekeza, kisha nikamwambia maneno niliyopewa, moja moja, bila kuongeza. Ndama alipatikana. Hakuna kosa alilofanya. Mama hakulia. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena.

Jumamosi tukaenda. Mama alitembea katika jumba la mfalme taratibu, amenishika kiwiko, akagusa kuta za matete za ile nyumba ya nyasi kama anayepapasa uso wa mtu. Ng'ombe wenye pembe ndefu wanaofugwa pale walipoletwa na mchungaji akawaimbia, Mama aliitikia wimbo wote. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba kitu kingine zaidi ya nyimbo za kanisani. Kisha akaniuliza, "Ile njia ya kushoto iko wapi?"

Nilikuwa nimeitafuta kwenye ramani zangu zote usiku uliotangulia. Hakuna njia. Lakini tulipotoka langoni tukageuka kushoto, ilikuwepo, njia nyembamba ya miguu kati ya migomba, ikashuka mpaka kijito chenye magogo mawili ya kuvukia. Nilimbeba Mama mgongoni kuvuka. Mbele tukaona umuvumu, tawi moja limekatwa, na nyumba yenye mlango wa bluu.

Mwanamke wa miaka hamsini hivi akafungua. Nilimtazama, nikamtazama Mama. Paji la uso lilikuwa lile lile, na lile pengo dogo kati ya meno ya mbele. Alikuwa Vestine, binti wa mjomba wangu.

Mjomba hakufa siku ile. Alimpata ndama alfajiri, akarudi naye, akakuta nyumba tupu. Jirani akamficha, akamlea. Akakua hapo hapo, akaoa, na hakukubali kuhama kwa sababu alisema mdogo wake akirudi atamtafuta pale. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua miaka miwili kabla sisi hatujarudi Rwanda. Yaliyompata Vestine baada ya hapo ni yake kuyasimulia, si yangu.

Akatuuliza nani alituelekeza, maana alijua hana jamaa aliyebaki pale kilimani. Nikamweleza. Niliposema mlango wa bluu, akasema aliupaka rangi ile wiki mbili tu zilizopita, kabla ya hapo ulikuwa wa kahawia. Niliposema koti jeusi, akaniuliza lilikuwa na vifungo gani. Nikamwambia cha pili kutoka juu kilikuwa cha pembe.

"Nilikishona mimi," akasema. "Tulimzika nalo."

Kaburi liko nyuma ya nyumba. Mama alikaa kando yake mpaka jua likaelekea kuzama, akizungumza kwa sauti ndogo, na mara mbili nilimsikia akicheka. Makumbusho hatukuyaona, wala makaburi ya wafalme. Tulilala kwa Vestine.

Tangu hapo, kila mvua ikinyesha alasiri, mkono wangu wa kulia hupoa kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo, na huwezi kuupasha moto mpaka mvua iishe. Mke wangu ameushika, anajua. Sikuuombea dawa. Macho ya Mama yamezidi kufifia, lakini analala usiku kucha bila taa, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe, na kila mwezi Vestine anakuja Kigali au sisi tunakwenda kwake. Namshukuru Mungu, na namshukuru mjomba ambaye hata maziwa hakuyaonja. Ninachojutia ni kimoja: niliandika njia, lakini yeye sikumwuliza jina, sikumpa hata salamu ya heshima anayostahili mjomba.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesikia. Kama kwenu kuna mzee ambaye kuna mahali hataki patajwe, usingoje mwaka ujao, wala usingoje macho yake yafifie. Mpeleke wakati bado yupo mtu wa kufungua mlango. Maana sisi tulio hai tunajidanganya kwamba sisi ndio tunaongoja. Wafu nao wanangoja, na wakichoka watakuja kukutafuta wenyewe.