Sega Lililong'arishwa Rodi Kopany

Kutoka Nanyuki hadi Rodi Kopany nilitumia siku tatu, kwanza kwa lori la viazi, kisha la saruji, nikilinda jiko la chuma nililopewa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Nilikuwa nimemwashia jiko hilo miaka minne, nikalijua vizuri. Lori liliishia hapo, nami nikashuka nalo.

Mama mwenye hoteli ya samaki kando ya barabara alinipa chai, kisha akakohoa mpaka akashika meza. Daktari wa Homa Bay alikuwa amemwambia aachane na moshi, la sivyo aache kupika. Na hoteli ile ndiyo aliyoijua maishani.

"Hilo sanduku ni la nini?"

"Linakula moshi."

"Omera, ndugu yangu, umetoka mbali hivyo kuja kunidanganya?"

Tulilifunga jikoni kwake siku ileile. Juu ya moto kuna kitu kama sega la nyuki, kimepakwa madini yanayofanya moshi uwake hata joto likiwa dogo. Unaanza na kuni kavu, njia ya kwenda bombani moja kwa moja ikiwa wazi. Jiko likishika joto unaifunga, moshi unalazimika kupita kwenye sega, na hapo unawaka wenyewe. Joto lake linarudi kwenye sufuria. Kuni zilizokuwa zikiisha kabla ya saa nne sasa zilifika adhuhuri, na kikohozi kikatulia.

Mwezi wa pili moshi ukarudi, na kikohozi nacho. Nililaumu kuni, nikazibua bomba. Mwishowe nikafungua jiko. Sega liling'aa kama sufuria zake zilizoanikwa uani.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi. Kila Jumamosi, kwa majivu na waya. Kitu cheusi hakilali jikoni kwangu."

"Mama, hili halisuguliwi. Umeyakwangua yale madini yote."

"Na wewe ulisema lini?"

Sikuwa nimesema. Nilimfundisha moto, nikasahau kwamba jiko nimelikabidhi kwa mwanamke ambaye sufuria yenye masizi ni aibu yake mbele ya majirani.

Sega jingine halikupatikana. Lakini nilijua moshi unataka nini: joto na hewa. Nikajenga jiko la matofali, nikapitisha hewa ya pili, mbali na ile inayoingia chini ya kuni, ndani ya ukuta ili ipate joto kabla ya kutokea kwenye matundu juu ya kuni. La kwanza lilitufukuza sote nje kwa moshi. Njia ya hewa ilikuwa nyembamba. Nikalibomoa, nikaipanua. La pili likatoa ndimi ndogo za moto kwenye kila tundu, na bombani hapakuonekana kitu.

Nilikaa msimu mmoja zaidi, nikimsikiliza akifokea wateja bila kukatwa na kikohozi. Kisha miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari, kama kawaida yangu. Asubuhi niliyoondoka kabisa alikuwa ameinama mbele ya jiko, waya mkononi.

"Na hili, linasuguliwa?"

"Sugua utakavyo, mama."

Akaanza kusugua kabla sijafika barabarani.