Sufuri Yenye Miguu

Watu wa kilima kile cha juu ya Migwani wakikuambia kwamba Syokau alikuwa mkaidi, waulize kwanza wao walikuwa wamesimama wapi asubuhi ile. Wengi watakohoa. Wengine watakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kupelekwa majini.

Syokau aliolewa kilimani hapo miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mumewe, Mulei, alifanya kazi ya reli huko Makindu, akija nyumbani kila mwisho wa mwaka, mpaka mwaka alioletwa ndani ya sanduku. Mjane akabaki na binti yake Kasyoka na shamba la mteremko, aina ile ya shamba ambalo mvua moja ya hasira inaweza kulikomba udongo wote na kuushusha mtoni. Dawa ya shamba kama hilo ni kulikata kwa mitaro mirefu, udongo ukitupwa upande wa juu. Watu wa kilimo waliita kazi hiyo fanya juu, na jina likakubalika. Ukiifanya peke yako, mvua itakukuta ungali kwenye mtaro wa kwanza.

Ndiyo maana kulikuwa na mwethya, kikundi cha wanawake wa kilima kizima, leo wanachimba kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Na mwethya una ngui, yule anayeanzisha wimbo wengine wakaitikia, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Ngui wa kilima hicho alikuwa Syokau. Ngui ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana. Akiwa kazini anaweza kumtaja mume mvivu au mama mkwe mchoyo, na hakuna wa kumshtaki kwenye baraza. Syokau alimwimba hata mchungaji wake mwenyewe kwa kuhubiri mpaka chakula cha watu kikapoa. Mchungaji alicheka, ingawa si sana.

Njaa ya mahindi ya manjano ilipokuja, Syokau alipanga foleni na wenzake mbele ya stoo ya msaada, gunia tupu mkononi. Waliambiwa mahindi yameisha. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwangangi, akatoka kwenye foleni, akasimama pale mbele na kusema bila kumung'unya maneno kwamba mahindi ya watu yanatokea mlango wa nyuma na kupakiwa kwenye lori. Alisema hivyo askari wakimtazama. Mlango wa nyuma ulifungwa, wa mbele ukafunguliwa, na Mwangangi akafukuzwa kazi. Syokau alirudi nyumbani na mahindi kichwani. Kuna watu ambao wakishiba husahau waliyemshukuru walipokuwa na njaa. Yeye hakuwa mmoja wao.

Kwa hiyo mwaka wa themanini na nane Mwangangi aliposimama kugombea kiti cha ubunge dhidi ya mheshimiwa aliyekikalia, Syokau hakuhitaji kuhubiriwa na mtu. Tatizo ni kwamba kura ya siri ilikuwa imeondolewa katika mchujo wa chama. Mwaka ule wa mlolongo, watu walitakiwa kupanga laini nyuma ya picha ya mtu wao, mchana kweupe, mbele ya chifu, askari, jirani na mkwe. Aliyebuni jambo hilo alijua vizuri jinsi binadamu anavyoogopa kutazamwa.

Chifu Muthama alifika kwa Syokau akiwa na Ndila, mwenyekiti wa mwethya. Muthama alizaliwa papo hapo, lakini alikuwa ametumikia polisi miaka mingi mijini, na mambo mengi ya nyumbani yalikuwa yamemtoka kichwani.

"Mama Kasyoka," alisema, "mwethya wote utasimama na mheshimiwa. Wewe utakuwa mbele, uimbe. Ukianza wewe, hao wengine watakuja tu."

"Mheshimiwa nitamwimba nikimwona akishika jembe," alisema Syokau.

Ndila alitazama chini asionekane akitabasamu. Chifu hakutabasamu.

"Ni kusimama tu, mama. Dakika kidogo. Hakuna mtu anauliza roho yako inasema nini."

"Na miguu ni ya nani, chifu? Mimi nikisimama mahali, nimesimama mzima."

"Shamba yako ndiyo inafuata kuchimbwa, sivyo?" aliuliza Muthama, na akaenda zake bila kungoja jibu.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa. Mvua ilikuwa haiko mbali. Ndila alibaki nyuma akamshika Syokau mkono. Wawili hawa waliolewa kilimani mwaka mmoja, na kila mmoja alikuwa mkunga wa mwenzake.

"Kaa nyumbani siku hiyo, sema unaumwa na mgongo," alimsihi. "Hata mchungaji amesema mtu akiona dhamiri inamsumbua, asiende."

"Mchungaji hana fanya juu ya kuchimba," alisema Syokau. "Nikikaa nyumbani, Ndila, watasema kilima chote kilimtaka. Watasema mpaka mimi nilimtaka."

"Na mvua ikibeba shamba?"

Tusidanganyane: Syokau aliogopa. Aliogopa sana, na asubuhi ya mlolongo chai yake ilipoa kikombeni hajainywa.

Uwanja wa shule ulijaa. Picha ya mheshimiwa ilishikwa juu na kijana mwenye shati jipya, na nyuma yake laini ikazunguka madarasa. Picha ya Mwangangi ilikuwa imepigiliwa kwenye kijiti, kwa sababu wakala aliyepaswa kuishika alikuwa amechukuliwa na askari kabla hajafika getini. Nyuma ya kijiti hicho hapakuwa na mtu.

Wanawake wa mwethya waliingia pamoja, Syokau mbele, kama chifu alivyotaka. Walipofika katikati ya uwanja, akakata kona. Alitembea mpaka kwenye kile kijiti, akasimama nyuma yake, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Wenzake walisita. Kisha Ndila akainamisha kichwa, akaelekea laini ndefu, na wengine wakamfuata.

Karani wa uchaguzi alimwendea. "Mama, hii si laini. Mtu mmoja hawezi kuwa laini. Ingia pale na wenzako."

"Hesabu tu, kijana wangu. Hautachoka."

Vicheko vikasikika huku na huku. Jua likapanda, na Syokau akaendelea kusimama, jasho likimtiririka chini ya kitambaa cha kichwa. Binamu za mumewe walipita karibu naye wakajifanya wanatazama mawingu. Mwishowe karani alipanda juu ya dawati akatangaza. Mheshimiwa alikuwa amepata watu wengi kuliko wale waliokuwa uwanjani, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. "Mwangangi," akasema, "sufuri."

"Na mimi?" aliuliza Syokau. Aliuliza kwa sauti ile ya mashambani, na uwanja mzima ukamsikia. "Mimi hapa ni nini?"

Karani alimtazama chifu. Chifu alisema, "Umesikia, mama. Sufuri."

"Basi leo nimeona sufuri yenye miguu," alisema Syokau, na akarudi nyumbani kwa miguu hiyo.

Siku ya kuchimba kwake ilipofika, aliteleka githeri ya mahindi na maharagwe, sufuria kubwa kabisa, akangoja. Hakuja mtu. Amri ya chifu ilikuwa imepita: mwanamke wa mwethya asikanyage shamba lake, naye asikanyage lao. Githeri ile yeye na Kasyoka waliila mpaka wakaichukia. Alilia, tena si kidogo, kwa sababu dharau ya chifu aliitarajia lakini kimya cha wenzake hakukitarajia. Kisha akachukua jembe akaanza mtaro wake peke yake. Mvua ya kwanza ilimkuta hajafika mbali na ikaibeba pembe ya chini ya shamba, ile aliyokuwa akipanda mbaazi. Akaendelea kuchimba.

Lakini Muthama alikuwa amefanya kosa, na mtu ambaye hakuwahi kuondoka kilimani angelijua. Mwethya unaweza kukosa jembe ukaazima. Ngui haazimwi. Wiki iliyofuata wanawake walichimba kwa Ndila, upande wa pili wa bonde, mkabala na shamba la Syokau, na chifu alikuja kuona maendeleo. Aliona aibu tupu. Mmoja alijaribu kuanzisha wimbo ukamfia mdomoni. Majembe yaligonga ovyo, huyu akipandisha yule akishusha, wawili nusura wakatane vidole. Kabla ya saa ya uji walikuwa wamechoka, na mtaro haukuwa umefika popote.

Ng'ambo ya bonde Syokau alikuwa akichimba. Hakuwa akiwaimbia wao. Alikuwa akiusaidia mgongo wake tu, na maneno yalikuja yenyewe: kwamba alisimama uwanjani akahesabiwa sufuri, kwamba sufuri ina miguu, sufuri ina jembe, sufuri itapanda mbaazi upya. Sauti yake ilivuka bonde kama ilivyozoea. Alipofika mahali pa kuitikiwa alinyamaza kidogo, kwa mazoea, akijua hakuna wa kuitikia.

"Ii," likaja jibu kutoka ng'ambo.

Aliinua kichwa. Akaimba tena mstari uleule, kwa nguvu sasa, na jibu likaja nene zaidi, na pamoja nalo mshindo mmoja wa majembe. Hawakuwa wamekanyaga shamba lake, wala yeye lao. Amri ya chifu ilikuwa haijavunjwa hata kidogo.

Muthama alisimama pembeni ya mtaro uliokuwa ukirefuka mbele ya macho yake.

"Nani huyo anaimba?" aliuliza.

Alijua vizuri sana ni nani. Wanawake wote walijua kwamba anajua. Ndila alishusha jembe lake sambamba na wenzake, akanyooka, na kwa mara ya kwanza tangu mlolongo akamtazama chifu usoni.

"Hakuna mtu, chifu," alisema. "Si ulituambia hiyo ni sufuri?"

Kisha akaitikia pamoja na wenzake, na wakaendelea kuchimba.