Sinia Moja kwa Mbwa Wawili

Mbwa wangu mzee ana sikio lililopasuka katikati, na kila anayekuja kwangu Mapinga huuliza limepasukaje. Huwa nasema alipigana. Ni kweli, ila nusu ya habari naimeza: alipokuwa anang'atwa, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika.

Mzee huyu nilimkuta kiwanjani. Wakati najenga alikuwa akilala juu ya rundo la mchanga, mafundi wakimtupia ukoko. Nyumba ilipokwisha akahamia barazani bila kuuliza mtu. Tumeishi hivyo miaka tisa. Jioni nikikaa kusahihisha kazi za wanafunzi, alikuwa akija kulaza kidevu juu ya mguu wangu wa kushoto. Wa kulia hakuutaka kamwe, sijui kwa nini.

Masikio yake yalipoanza kuwa mazito nikaona nimtafutie msaidizi. Rafiki yangu wa Bagamoyo mjini alikuwa anahama, akaniachia dume wake wa miaka miwili, mweusi, kifua kama cha bondia. Nilimleta kwa gari Jumamosi mchana. Nimesoma mpaka chuo kikuu na vitabu vyangu vimefika hadi chooni, lakini kuhusu kukutanisha mbwa sikufungua hata ukurasa mmoja. Niliona ninajua. Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu watu walionuniana huketishwa kwenye sinia moja la wali; vidole vikishagongana kwenye mchuzi, wanainuka ndugu. Nimeona mashemeji wakipatanishwa hivyo.

Basi nikasonga ugali, nikauchanganya na vichwa vya samaki, nikaupakua kwenye sinia na kuliweka barazani, palepale anapolala mzee. Kisha nikamfungulia mgeni mlango wa gari.

Mzee alisimama juu ya chakula chake, kibarazani kwake, akanguruma. Kijana hakujali. Kufumba na kufumbua sinia likapinduka na mbwa wote wawili wakawa juu yake. Nilitaka kuwaachanisha. Nikamkamata mzee shingoni, kwa sababu ndiye niliyeweza kumkamata. Alinizoea, hakunigeuzia meno. Alitulia mikononi mwangu kama alivyofundishwa. Ndipo yule mwingine akalishika sikio na kulivuta.

Mke wangu alitoka na ndoo ya maji, akawamwagia, na mimi pia nikapata fungu langu. Daktari wa mifugo alikuja kushona.

Siku ya pili jirani yangu aliniita kwenye ua wa michongoma. Ni bibi wa mji wa kale Bagamoyo, amehamia huku kwa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wale wanyama umewafanya nini jana?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye sinia akashika shavu.

"Sinia moja?"

"Ndiyo, mama."

"Barazani kwake?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye msomi wetu." Akatengeneza mtandio wake. "Marehemu mume wangu aliniletea mke mwenzangu vivyo hivyo. Saa ya chakula, jikoni kwangu, mwiko ninao mkononi. Ati, kuleni pamoja mzoeane."

"Mkazoeana?"

"Baadaye sana. Na si kwenye sinia, mwanangu. Tulizoeana njiani, tukienda kisimani. Kisima si changu wala si chake. Na mkitembea hamtazamani usoni, kila mtu anatazama mbele. Mie mbwa simgusi, unajua mwenyewe. Lakini wivu naujua."

Nilimweleza yote, isipokuwa nani alimshika nani. Hilo sikumwambia hata mke wangu, ingawa nadhani aliona.

Tukamfunga kijana nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje, na mzee akabaki na mbele yake. Kidonda kilipopona tukaanza kuwatoa kila asubuhi kwenye njia ya vumbi, mbali na nyumba: mke wangu na kijana upande mmoja, mimi na mzee upande wa pili, kamba zimelegea. Siku za mwanzo tuliachana umbali wa uwanja wa mpira. Tukapunguza kidogo kidogo. Majirani walituona kama wanandoa waliogombana. Wiki ya tatu mbwa wakanusana, wakaachana, kila mmoja akaenda kukojolea kichaka chake. Chakula wanakula kwenye mabakuli mawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Sasa hata kivuli wanagawana.

Wao wamemaliza. Anayebaki ni mimi. Mzee bado analala barazani, lakini kwenye ncha ya mbali. Nikinyoosha mkono kumgusa shingo, anafumba macho na kutulia tuli, vilevile alivyotulia siku ile, na mimi naurudisha mkono.

Kwa hiyo siku hizi namtoa peke yake, bila kamba. Simwiti, simpapasi, natazama mbele kama mtu aendaye kisimani. Jana alinifuata mpaka kwenye mikorosho, upande wa kushoto, hatua mbili tatu nyuma yangu. Nilisikia kucha zake kwenye kokoto. Sikugeuka.