Bibi Aliyekuja Kuomba Blanketi

Usiku ule nililala jembe likiwa limeegemea mlango, maana nilikuwa nimeshaamua: kukipambazuka naung'oa mfuksia wa Bibi. Ulikuwa umekufa. Siku nne nyuma umande uliganda ukawa barafu, na huku kwetu Makete barafu haina adabu. Ule mti wa maua madogo mekundu, yanayoning'inia kama hereni, ukageuka vijiti vya kuwashia moto. Na nilikuwa nimeufunika! Nilitoa shuka zima nikalitandaza juu ya matawi, nikalifunga kwa kamba. Sasa kila kijiti nilichokwangua kwa kucha kilikuwa kahawia tupu.

Kilichoniuma si maua. Kwetu binti akiolewa hukata kitawi cha mti ule akaenda kukipanda mlangoni kwake. Mama alikata, mama zangu wadogo wote walikata. Mimi niliyeachiwa nyumba ndimi niliyeachiwa mti pia, na mdogo wangu Neema alikuwa aolewe baada ya mvua za kwanza. Jioni ile nilimwambia, "Utakwenda mikono mitupu, mdogo wangu. Nimeuua."

"Basi dada, ni ua tu," akasema, kisha akaigeukia sufuria ili nisimwone macho.

Nikalala na hasira zangu.

Mara nipo jikoni, na Bibi ameketi kwenye kigoda chake. Tulimzika miaka sita iliyopita, lakini sishtuki. Naona tu kwamba moto unawaka na moshi haupo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Hivyo ndivyo alivyonitania tangu nikiwa mtoto. "Nina baridi."

Nakimbilia blanketi, namfunika mabegani. Analishusha. Nalipandisha, analishusha tena, taratibu, bila kukasirika. Mimi nina kichwa kigumu, hata ndotoni. Mara ya tatu namfunga nalo kwa kamba. Hapo anacheka kile kicheko chake cha puani, na kuta za jikoni hazipo tena. Tuko bustanini. Kigoda ni kile kile, ila kimewekwa pale pale penye mti, na miguu ya Bibi haionekani. Imezama udongoni mpaka juu ya vifundo, na udongo wote kuizunguka ni mweupe kwa barafu.

"Unafunika unapopaona pazuri," anasema. "Funika miguu."

Napiga magoti. Namkumbuka sasa, kila mwaka baridi ikianza kubisha hodi, akibeba nyasi kavu na kuzirundika shinani, na mimi nikimcheka kwamba mti wake unaatamia mayai. Matawi aliyaacha wazi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nalia, nasema, "Nisamehe Bibi, mimi niliangalia maua tu." Anaushika mkono wangu, anauchomeka udongoni kando ya mguu wake. Juu kunaumiza kwa baridi. Chini kuna joto.

Niliamka nimekunja vidole, machozi yameingia sikioni. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nililipita jembe pale mlangoni nikaenda bustanini peku, nikachimbua kwa vidole, polepole, mpaka pale shina linapozama, kwani Bibi aliupanda kwa kina. Nilikwangua kwa ukucha nikiogopa kuangalia.

Kijani. Ulikuwa mstari mwembamba, mbichi, uliolowesha ukucha wangu.

"Dada!" Neema alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga kanga mbili. "Unatafuta nini kwenye barafu yote hii?"

"Lete nyasi kavu," nikamwambia. "Nyingi. Bibi ana baridi miguuni."

Alinitazama, akalitazama jembe, akanitazama tena. Alikwenda bandani mbio, akarudi amekumbatia nyasi za kutosha kumfunika mtu.