Pampu Orijino ya Gari la Mzee

Gari la baba yangu liliwaka Jumamosi iliyopita, baada ya miaka kumi na moja. Mzee amegoma kulipanda.

Ngoja niwasimulie, na mkitaka kunitukana nitukaneni tu.

Gari lilikufa wota pampu. Ni la zamani, kiwanda kiliacha kutoa spea zake kabla sijaota ndevu. Nilizunguka gereji zote, nikaingia kila grupu la wapenda magari ya kale. Patupu.

Baba alikuwa fundi wa kumimina vyuma. Anakandamiza kalibu ya mbao kwenye mchanga, anaitoa, anamimina aluminiamu iliyoyeyuka, spea inatoka. Kalibu zake kumi na nne, alizochonga kwa mkono, zilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda.

"Mwanangu, macho yameisha lakini mikono ipo," akaniambia. "Tumimine wenyewe, nitakuelekeza."

"Mzee, mimi feki sitaki."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Akawa anapangusa magoti yake yasiyo na vumbi.

Sasa kuna jamaa tunamwita Bwana Orijino. Ana magari saba, na spea anazifunga kwa vitambaa kama watoto wachanga. Pampu alikuwa nayo, ila pesa yangu hakuitaka.

"Nasikia mzee wako ana kalibu za mbao. Nipe hizo, nipambe ukuta."

Nikasema moyoni, mjinga ndiye huyu! Mzee alipokwenda kliniki nikabeba sanduku, tukabadilishana, nikarudi napiga mluzi.

Pampu ikakaa sawasawa. Nikawasha. Ngurumo! Mzee akatoka nje anapapasa ukuta, anacheka.

"Zima kwanza, niiguse."

Akaingiza mkono chini ya pampu. Vidole vikasimama.

"Vitobo vitatu," akasema. "Hii alama yangu. Hii nimeimimina mimi, mwaka uliozaliwa wewe!"

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

"Unaona? Feki yangu imedumu!" Alifurahi kama mtoto. "Kalete ile kalibu yake, uone ilikotokea."

Sikusogea.

"Kalete basi, mwanangu."

Nikakimbia hadi kwa Bwana Orijino. Kalibu zilikuwa ukutani, zimekatwa katikati kwa msumeno ili zilale vizuri kwenye ubao.

"Nusu nyingine ziko wapi?"

"Nilitupa. Kwani zilikuwa za maana?"

Nilirudi nikamweleza mzee yote. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Na ile ya pampu, ameikata pia?"

Gari linawaka vizuri. Kila asubuhi nampigia honi, naye hujibu kutoka ndani: "Nenda tu, baba. Mimi hapa panatosha."

Mnaosaka orijino huko mtandaoni, kaulizeni kwanza nyumbani ni nani aliyeitengeneza. Mimi niliuliza kila mtu isipokuwa yeye.